Mume anataka dola 300 kila mtoto, mimi nasema 60, na mmoja wao hatatumia hata senti

Shikamoo Somo,

Mimi ni mama wa watoto watatu wa kuwazaa na mmoja wa kumlea. Kwetu Tanga, lakini huu ni mwaka wa 17 naishi Houston, jimbo la Texas. Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu; akiondoka Jumatatu pengine simwoni tena mpaka Jumamosi ya wiki ya pili.

Mwezi Machi, shule zikifungwa, tunapanda meli ya kitalii bandari ya Galveston. Ni siku saba, na tutashuka Cozumel huko Mexico, Roatán huko Honduras, na Belize. Sisi ni watu sita, na tutakuwa pamoja na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, na mkewe na watoto wao wawili. Nauli tumeilipa kidogo kidogo tangu mwaka jana na imekwisha. Kinachotugombanisha ni pesa za matumizi za watoto.

Hofu yangu ina sababu. Miaka mitatu iliyopita tulikwenda safari ya siku nne. Kijana wangu wa kwanza alikuwa na miaka 13. Akapewa kadi ya chumba kama sisi wote, na mimi sikujua kwamba kadi inayofungua mlango ndiyo hiyo hiyo inayolipa. Asubuhi ya mwisho tukakuta karatasi ya hesabu, yeye peke yake dola 214: mashine za michezo, soda, na picha mbili za mpiga picha wa meli. Nilimgombeza pale pale kwenye korido, watu wanapita na masanduku yao. Akasema, "Mama, nilidhani mmeshalipia." Sasa ana miaka 16, na kila nikitaja hii safari mpya anaangalia chini.

Mume wangu anasema kila mtoto apewe dola 300, wote sawa, na mjadala uishe. Anasema, "Mimi nilikuwa mtoto wa kutazama wenzangu wakila maandazi. Wangu hawatatazama." Mimi nasema 60 zinatosha. Shemeji ndiye ameharibu zaidi, maana watoto wake kadi zao huwa wazi, wanachukua wanachotaka. Binti yangu wa miaka 13 ameshaambiwa na binamu yake, "Sisi hatuna kikomo," na tangu siku hiyo ananuna. Kitinda mimba ana miaka minane, yeye hajui tofauti ya dola tano na hamsini, anachotaka ni ile mashine ya kunyakua wanasesere.

Sasa huyu wa nne. Ni binti wa marehemu kaka yangu, ana miaka 15, na huu ni mwaka wa pili yuko nasi. Mama yake, wifi yangu, yuko Tanga na wadogo zake wawili. Machi iliyopita tuliwapeleka kwenye rodeo, yale maonyesho ya farasi na ng'ombe hapa Houston, nikampa kila mmoja dola 40 za bembea na chakula. Wenzake walizimaliza ndani ya saa mbili. Yeye alikaa kwenye benchi, akashika mikoba yao, akasema tumbo linamuuma. Usiku nikampikia uji, akanywa bakuli mbili.

Mwezi uliopita nikawa natafuta mafuta ya nywele kwenye bafu la watoto. Nikafungua kopo, ndani hamna mafuta, mna dola 340 zimefungwa kwa mpira wa nywele. Najua huwasuka wenzake wa shuleni mwisho wa wiki, ila nilidhani ni pesa za vipodozi. Nilipombana binti wa jirani, ambaye ana miaka 22, akaniambia yeye ndiye anayemsaidia kutuma pesa hizo kwa wifi kila baada ya miezi miwili mitatu. Somo, mimi mwenyewe natuma nyumbani kila mwezi, kwa mama yangu na kwa wifi pia. Sijaacha hata mwezi mmoja. Nilijisikia vibaya, kama vile natuma kidogo mpaka mtoto anafidia. Sijamwambia yeye wala mume wangu. Kopo nimelirudisha mahali pake.

Nikimpa 60 au 300, zote zitaingia kwenye kopo, na yeye atakaa chumbani siku saba na tumbo lake. Je, nimwamuru azitumie? Niwape wote sawa au kwa umri? Na nifanyeje na shemeji bila kuvunja undugu?

Mama wa wanne, Houston

Somo anajibu

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilianzia mwisho. Umeniuliza kiasi, lakini kama ni kiasi tu kilichokusumbua, usingenisimulia habari za uji. Una mume mwenye 300, wewe una 60, shemeji hana kikomo, kijana wako ana aibu ya miaka mitatu, na binti wa kaka yako ana kopo. Hayo yote mnataka kuyaweka ndani ya tarakimu moja. Tarakimu hiyo mimi sina. Tuyachambue moja moja, wewe utaona lipi ni lako.

Kwanza kijana. Mtoto wa miaka 13 alisema alidhani mmeshalipia. Hebu rudi kwenye ile meli umtazame. Anaingia ukumbini anakula bila kulipa. Anachukua aiskrimu, maji, chai, anateleza kwenye bomba la maji, anaangalia sinema usiku juu ya sitaha, na hakuna anayemwambia lete pesa. Halafu anafika mahali pengine ndani ya meli ile ile, anagusisha kadi, mashine inawaka. Angejuaje kwamba hapa mpaka umevukwa? Wewe mtu mzima hukujua kadi inalipa, umeniandikia mwenyewe. Mlikosea wote wawili siku ile, ila aliyegombezwa mbele ya watu ni mmoja. Hujaniambia kama mlishawahi kulizungumza tena. Kama bado, nadhani hilo litangulie kabla ya kumtajia kiasi chochote, maana kikomo kikija bila mazungumzo hayo yeye atakisikia kama adhabu ya zile 214.

Ukitaka, mfanye yeye ndiye mwalimu wa wadogo zake. Anajua kuliko wote pale nyumbani jinsi kadi inavyokula pesa. Lakini mwulize kwanza. Asije akaona unamwonyesha kama mfano wa mkosaji.

Sasa meli yenyewe, kwa sababu mnagombana kwa tarakimu bila kuwa na hesabu mbele yenu. Kwenye meli nyingi zinazotoka Marekani pesa taslimu hazitumiki madukani wala kwenye vinywaji, kila kitu huandikwa kwenye akaunti ya chumba, na akaunti imeshikizwa kwenye kadi yenu ya benki. Siku ya kwanza, kabla hata hamjafungua masanduku, mzazi anaweza kwenda kaunta ya huduma kwa wageni akaomba kadi ya mtoto ifungwe isilipe kabisa. Mlango itafungua, na mtoto ataitumia kushuka na kupanda. Au aombe iwekewe kikomo. Uliza waziwazi kama kikomo hicho kinahusu na mashine za michezo, maana si kila meli inazihesabu pamoja. Nyingi pia zinakubali uweke pesa taslimu kwenye akaunti ya mtoto, zikiisha zimeisha, zikibaki unarudishiwa siku ya mwisho. Tena usingoje karatasi ya asubuhi ya mwisho. Hesabu inaonekana kila siku, kwenye programu ya simu au ukiuliza kaunta. Dakika mbili kila jioni mkiwa na watoto pamoja zingewaepusha na ile korido.

Na kuna pesa ambayo katika barua yako hamna hata mmoja aliyeitaja. Bakshishi. Kampuni nyingi za Marekani hukata kati ya dola 16 na 20 kwa kila mtu kwa siku, mtoto naye ni mtu. Kwa watu sita na siku saba hiyo ni kati ya 672 na 840. Kama mlishailipa pamoja na nauli, vizuri. Kama sivyo, inawangoja. Soda nayo huuzwa peke yake, kisha juu yake huongezwa ada ya huduma, mara nyingi asilimia 18 au zaidi. Mtoto akinywa tatu kwa siku kwa sababu tu zipo, ndiyo bandu bandu yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kubishana baina ya 240 zako na 1,200 za mumeo, andikeni kwanza yale ambayo lazima yalipwe. Huenda kinachobaki kikawaambia jambo. Huenda pia kikaonyesha kwamba mumeo ana nafasi kubwa kuliko unavyohofia. Sijui mapato yenu, na hofu yako ya pesa nayo ina historia yake.

Kuhusu mumeo nitasema kwa kubahatisha, wewe ndiye unayemjua. Mtu anayelala ndani ya lori wiki mbili anaweza kuona dola 300 kama njia ya kuwalipa watoto siku ambazo hakuwepo. Akisikia "60" huenda asisikie bajeti, akasikia unamzuia kuwa baba. Umejaribu kumwuliza anataka watoto wakumbuke nini juu ya wiki hiyo? Pengine zile pesa zinaweza kubaki mfukoni mwake badala ya kuingia kwenye kadi zao: siku ya Cozumel amchukue huyu, Roatán amchukue yule, wakale pamoja, wanunue kofia, wacheke. Watoto watapata vitu na watampata yeye. Ubaya wake upo, usidhani haupo. Baba mkarimu asiye na kikomo akiwa pembeni ya mama mwenye daftari, wewe unageuka askari wa safari. Kama mtakwenda njia hiyo, na wewe uwe na siku yako ya kuwatoa.

Sawa au kwa umri? Nimeona familia zikifanya yote mawili, na katika yote mawili kuna mtoto aliyelia. Ukiwapa sawa, wa miaka minane anapata zaidi ya akili yake na wa 16 anapata chini ya mahitaji yake. Ukiwapa kwa umri, wa 13 atapiga hesabu mpaka senti ya mwisho na kukuuliza kwa nini kaka ni kaka. Wengine hugawa sawa lakini hutoa tofauti: mdogo anapewa dola chache kila asubuhi, wakubwa wanapewa za wiki nzima na wanajifunza wenyewe siku ya tano ikifika mikono mitupu. Mashine ya kunyakua wanasesere, kwa maoni yangu, ni wizi wenye taa za rangi. Lakini mtoto wa miaka minane hilo hataliamini mpaka imle dola zake mwenyewe, na dola tano kwa somo hilo si ghali.

Binti wa miaka 13 na neno lake "hatuna kikomo". Sina hakika kama anachotamani ni pesa. Umri huo kinachouma ni kuambiwa "ngoja nimwulize mama" mbele ya binamu. Ukimpa kiasi chake, kidogo namna gani, ambacho hatakiwi kumwuliza mtu, aibu hiyo inaweza kupungua. Kwa shemeji, jambo ninaloliogopa ni kumpangia yeye namna ya kulea wake. Hilo halitafika mbali, na mumeo atajikuta katikati. Unachoweza kuomba, kabla ya safari na kwa kinywa cha mumeo mwenyewe, ni dogo zaidi: watoto wetu wasinunuliwe vitu kwa kadi yako, kaka, na wa kwako wasitumwe kuwanunulia. Kama huyo shemeji ni mtu wa kufurahisha watu, apewe kazi, awalipie watoto wote sita kitu kimoja siku moja. Hata hivyo jiandae: mtu wa namna hiyo siku ya tatu husahau.

Nimemweka binti wa kaka yako mwisho kwa sababu kwake nilikaa muda mrefu.

Umeliona lile kopo kama tatizo, tena kama lawama juu yako. Naomba tulitazame upya. Mtoto huyu kila mwezi yupo pale sebuleni anakuona shangazi yake, umetoka zamu ya usiku, macho mekundu, unashika simu unatuma nyumbani kabla hujalala. Alijifunza wapi basi? Huenda hafidii upungufu wako. Huenda anakuiga. Umemlea mwaka mmoja na kitu na tayari anafanya unachofanya, kwa pesa za mikono yake mwenyewe. Mimi ningekuwa wewe ningelia kidogo halafu ningejipongeza, ila mimi mwepesi wa machozi.

Pamoja na hayo, kuna jambo moja hujui na linahitaji kujulikana kwa upole: nani ameanza? Kama ni yeye aliyeamua kumsaidia mama yake, hilo ni pendo lake na ana haki nalo. Kama ni mama anayepiga simu kusema wadogo zako hawana viatu, basi mtoto wa miaka 15 amebeba nyumba peke yake gizani, na kufichaficha kwake kuna maana nyingine. Hutalijua hilo kwa kumbana binti wa jirani. Wala usianze na "nimeliona kopo". Unaweza kuanza na wewe: namna ulivyotuma mara ya kwanza ulipofika Marekani, ulichojinyima, ulichomficha mumeo. Mwachie nafasi. Akikaa kimya, kimya chake nacho ukiheshimu, utarudi siku nyingine.

Kumwamuru atumie sikukatazi, lakini fikiria atakavyosikia. Dola 40 za rodeo kwa kichwa chake ni karibu laki moja ya kwetu. Kumwambia akaizungushe kwenye bembea ni kumwambia asihesabu anachokihesabu. Kumwongezea wifi ili mtoto apumzike nako kunawezekana, kama mnamudu, lakini ukilifanya kimya kimya na yeye akagundua, anaweza kuona mchango wake ulikuwa bure. Na ukimwacha tu alimbikize, huo nao ni uamuzi. Wenzake wanatumia zao kwa kinachowafurahisha. Kama kinachomfurahisha yeye ni kumtumia mama yake, kwa nini zake ndizo zinazohitaji kibali?

Kinachonisumbua mimi ni lile tumbo. Alilazimika kuumwa ili abaki na pesa zake. Kama kuna kitu kimoja cha kumwondolea kabla ya Machi, labda ni hicho: ajue anaweza kusema "nazitunza" bila kutafuta ugonjwa. Halafu mtafute furaha isiyopita kwenye pochi yake. Klabu ya vijana melini ni bure, na aghalabu wa 15 hadi 17 huwekwa pamoja, maana yake atakuwa na kaka yake. Matembezi ya bandarini mkiyalipia nyinyi kwa wote, hayawezi kurudishwa kuwa noti. Na Cozumel wauza vikuku na vinyago wanapokea dola na wanapatana bei. Mtoto aliyekwenda sokoni Ngamiani, kule Tanga, na mama yake anajua kuondoka hatua tatu mpaka aitwe. Wenzake waliokulia kwenye maduka ya bei za kubandikwa hawajui. Kadi ya shemeji huko barabarani mara nyingi haina kazi, pale noti ndogo ndogo ndizo zinazosema. Nani atawapatania?

Jambo la mwisho, nisije nikasahau. Simu zote za watoto ziwekwe kwenye hali ya ndege kabla meli haijaiacha Galveston. Baharini simu hujishikia yenyewe mtandao wa meli, na bili yake haipiti kwenye kadi ya chumba, inakungoja nyumbani. Vifurushi vingi vya Marekani hufika Mexico, uliza kama na chako kinafika. Kama ndivyo, mkishuka Cozumel saa nne asubuhi, Tanga itakuwa saa kumi na mbili jioni, karibu na Magharibi, na wifi yako atakuwa nyumbani. Mpe binti simu, msogee pembeni kidogo, amwonyeshe mama yake bahari ya huko.

Somo wako